Bei ya Kiunganishi Iko Ndani: Hotuba kwa Mafundi wa Umeme na Sola, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu mafundi, dada zetu mlioko kwenye fani hii, habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie swali ambalo kila anayefunga sola, inveta au bajaji za umeme hapa mjini huulizwa na mteja: "Fundi, mbona unaniletea kiunganishi cha elfu thelathini wakati pale Ngamiani kipo cha elfu sita, na vinafanana kama pacha?" Kiunganishi ni kile kichomeko kinachounganisha waya na waya, chenye pini upande mmoja na soketi upande wa pili. Bei hizo ni za mfano tu, zinapanda na kushuka, lakini swali ni halisi na mteja ana haki ya kuuliza. Jibu la "rahisi ni ghali" halimsaidii. Amelisikia tangu utotoni na bado mkononi ana cha elfu sita. Anachotaka ni hesabu, basi tuanze na hesabu.

Joto linalozaliwa kwenye kiungo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani wa kiungo hicho. Mkondo unazidishwa kwa mkondo wenyewe, msisahau hilo. Chukueni kiunganishi kizuri cha mkondo mkubwa. Ukinzani wake, kuanzia waya unapoingia upande mmoja hadi unapotokea upande wa pili, ni sehemu ndogo ya miliomu moja (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu, kipimo cha ukinzani), tuseme 0.3. Pitisheni ampea 100: mia mara mia mara 0.0003, mnapata wati 3. Kiunganishi kinapata uvuguvugu, basi. Sasa chukueni kingine chenye miliomu 3. Mita ya kawaida ya fundi haiwezi hata kuionyesha tofauti hiyo ukipima kwa omu. Viunganishi vyote viwili vitasoma sifuri. Lakini kwa ampea zile zile 100 joto ni wati 30. Hiyo ni nguvu ya pasi ya kulehemia risasi, imefungiwa ndani ya ganda la plastiki, inawaka muda wote mzigo ukiwepo. Na chanya na hasi kila kimoja kina kiungo chake, kwa hiyo hesabu ni mara mbili.

Mteja asiyeogopa moto anaweza kuogopa hasara. Tofauti ya wati 27 kwa kila upande ni wati 54 kwa pande mbili. Mzigo ukikaa saa 5 kwa siku, tayari ni wati-saa 270 zilizopashia plastiki moto. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200 kwa jina. Zaidi ya moja ya tano ya betri hiyo inateketea kwenye viungo viwili, kila siku, na mteja atarudi kukulalamikia kwamba betri ulizomuuzia ni mbovu.

Hapo hapo niwatahadharishe msije mkageuka wauza hofu. Kiunganishi kile kile kibaya cha miliomu 3 ukikipitishia ampea 2 za taa za nyumbani, joto lake ni wati 0.012. Hakuna kitu. Mtu anayefunga taa mbili tatu za LED na chaja ya simu mwacheni anunue cha bei ndogo, na fundi anayemlazimisha cha bei kubwa anamla pesa yake. Maneno yetu ya leo yanaanza kuwa na uzito kwenye ampea 20 au 30 za muda mrefu, na kadiri mkondo unavyopanda ndivyo yanavyozidi kuwa mazito kwa ile hesabu ya mkondo mara mkondo.

Kwa sababu hiyo hiyo, kabla ya kubishana kuhusu viunganishi, angalieni volti ya mfumo. Inveta ya wati 3,000 kwenye volti 12 inavuta ampea 250, bila kuhesabu inachopoteza yenyewe. Kwenye volti 24 ni 125. Kwenye volti 48 ni 62.5. Kiunganishi chetu kizuri cha miliomu 0.3 kitatoa karibu wati 19 kwenye mfumo wa volti 12, na zaidi kidogo ya wati 1 kwenye volti 48. Mara kumi na sita! Fundi anayefunga wati 3,000 kwa volti 12 hatakiwi kulaumu kiunganishi. Mpango wenyewe umekosewa tangu kwenye karatasi.

Sasa tuingie ndani, maana huko ndiko bei iliko.

Ukitazama pini na soketi kwa macho unaona nyuso mbili laini zikikutana. Kwa kweli madini yoyote, hata yaliyong'arishwa, uso wake una vilima na mabonde madogo sana, na nyuso mbili zikikutana hugusana kwenye vilele vichache tu. Ampea zote 100 zinajibana kupita kwenye vilele hivyo. Mwanafizikia wa Sweden, Ragnar Holm, alilichunguza jambo hili kwa undani katika karne iliyopita, na wahandisi wa viunganishi bado wanatumia hesabu zake. Kwa fundi, maana yake ni kwamba upana wa uso unaouona si hoja kubwa kama nguvu inayozibana nyuso hizo pamoja. Kwenye mguso safi, ukibana kwa nguvu mara nne, ukinzani unashuka hadi nusu. Nguvu ikipungua hadi robo, ukinzani unakuwa maradufu, na joto nalo maradufu.

Na nguvu hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye springi. Hapo ndipo watengenezaji wa bei ndogo wanapookoa pesa, kwa sababu mnunuzi haioni.

Shaba nyekundu hupitisha umeme vizuri kuliko madini mengine yote yanayonunulika kwa bei ya kawaida, lakini haifai kuwa springi. Ukiikunja inakubali na kubaki hivyo. Shaba ya njano, brasi, inarudi kidogo, lakini ikikaa kwenye joto la kukaribia nyuzi 100 kwa muda mrefu inalegea polepole. Kwa hiyo mwenye kiunganishi cha brasi tupu, ambacho vidole vyake ndivyo springi na ndivyo vinavyobeba umeme, ana mtego: kinapata joto, vidole vinalegea, kubana kunapungua, ukinzani unapanda, joto linaongezeka, vinalegea tena. Mzunguko huo hausimami wenyewe. Siku ya kwanza kila kitu ni kizuri, mteja anakushukuru. Baada ya miezi kadhaa ganda limebadilika rangi, na kiunganishi kinatoka mkononi bila hata kuvutwa. Watu wa Tanga tunajua msemo wa kitu kama hicho: waja leo waondoka leo.

Watengenezaji wazuri wanaukwepa mtego huo kwa njia tofauti, na zote zina gharama. Wengine hutumia shaba iliyochanganywa na berili, ambayo inabaki springi hata kwenye joto kubwa. Madini hayo ni ghali na yanahitaji kupikwa kwenye tanuri kwa mpango maalumu baada ya kukunjwa. Wengine wanatenganisha kazi. Familia ya SB ya Anderson, vile viunganishi bapa mnavyoviona kwenye foklifti za viwandani na kwenye betri kubwa, ina ulimi wa shaba uliochovywa fedha kwa ajili ya kubeba umeme, na nyuma yake kuna bapa la chuma cha springi ambalo kazi yake ni kusukuma tu. Shaba haiombwi kuwa springi, chuma hakiombwi kupitisha umeme. Multi-Contact ya Uswisi, ambayo siku hizi ni Stäubli, wao wanaweka ukanda mwembamba wenye mabapa mengi madogo ndani ya soketi. Kila bapa linagusa kivyake, kwa hiyo umeme unagawanyika kwenye njia nyingi. Kipande kimoja kimekuwa vitatu, na kila kipande kina kipimo chake kisichoruhusu kukosewa hata sehemu ya kumi ya milimita.

Kuhusu madini yenyewe, shikeni namba hizi. Tukisema shaba nyekundu safi ni 100 kwa kupitisha umeme, aluminiamu ni kama 61, brasi ni kama 28, chuma cha kawaida kinazunguka 10 hadi 15, na chuma cha pua kipo kwenye 2 au 3. Pini ya brasi ina ukinzani karibu mara nne ya pini ya shaba yenye umbo lile lile. Mbona basi watu wanatengeneza kwa brasi? Kwanza bei. Pili, brasi inachongeka kwa raha. Vipande vyake vinakatika vifupi na mashine inakimbia. Shaba safi hunata kwenye kisu, inavutika, inaharibu uso. Ili ichongeke vizuri huongezwa telurini kiasi cha nusu ya asilimia, na hapo inabaki na zaidi ya 90 ya uwezo wake, ila malighafi hiyo ina bei yake, na mashine bado haikimbii kama kwenye brasi. Sisemi brasi haifai kabisa. Ikiwa nene, ikachovywa vizuri, na namba ya ampea ikaandikwa kwa ukweli, inafanya kazi. Tatizo ni brasi nyembamba iliyoandikwa namba ya shaba.

Juu ya madini kuna mchovyo, yaani utando mwembamba wa madini mengine, na hapa macho yanadanganywa zaidi. Pini nyeupe inayong'aa inaweza kuwa fedha, bati au nikeli. Fedha ndiyo bora kwa mkondo mkubwa: inapitisha umeme kuliko hata shaba, ni laini kwa hiyo vilele vinabonyea na kugusana zaidi, na ule weusi inaoota baada ya muda ni laini, hukwanguka pini inapoingia. Wanaofanya kazi sawasawa wanaweka mikroni kadhaa za fedha. Mwingine anaweka ya kupakia rangi tu, na baada ya kuchomeka na kuchomoa mara chache unaona unjano wa brasi chini yake. Bati ni rahisi na linafaa pale pasipo na mtikisiko wala joto kubwa. Kwenye bajaji au boti ni habari nyingine: pini inatetemeka kwa mwendo mdogo usioonekana, bati linachubuka, unga wake unaota oksidi, unga huo unakaa katikati ya mguso na ukinzani unapanda mwezi baada ya mwezi. Nikeli ni ngumu na ngozi yake ya oksidi ni ngumu pia. Bila springi kali haipenyeki.

Na msichanganye. Dume (pini) la fedha ndani ya jike (soketi) la bati, mnapata ubaya wa bati.

Plastiki niiseme kwa haraka ingawa ndiyo inayoamua kama tatizo litabaki harufu au litakuwa moto. Ganda zuri hutengenezwa kwa polikaboneti au nailoni yenye nyuzi za kioo, ikiwa na dawa ya kuzuia moto. Alama ya kutafuta ni V-0 ya kipimo cha UL 94, maana yake kipande kikichomwa kwa utaratibu wa kipimo hicho kinazimika chenyewe ndani ya sekunde 10 na hakidondoshi matone yenye moto. Alama inaweza kughushiwa, kwa hiyo fundi anayenunua vingi atoe kimoja sadaka: kata ubale mdogo kwa kisu, ushike kwa koleo, uko nje na upepo umekupa mgongo, uwashie kiberiti. Ukiondoa kiberiti unatakiwa kuzimika. Ukiendelea kuwaka na kudondosha matone ya moto, mrudishie mwenye duka na boksi lake. Ganda la juani, kama la sola, linahitaji pia kinga ya miale ya jua, la sivyo linapauka na kupasuka.

Sasa namba ya ampea. Kaka zangu, namba hiyo peke yake haina maana. Kiunganishi hakina ampea kama chupa ilivyo na lita. Namba inapatikana kwa kukifunga waya wa ukubwa fulani, kupitisha mkondo mpaka joto litulie, na kuangalia limepanda nyuzi ngapi juu ya hewa ya chumba. Watengenezaji wengi hutumia kupanda kwa nyuzi 30. Kama chumba cha kupimia kilikuwa nyuzi 25, kiunganishi kilitulia kwenye 55. Leteni kiunganishi hicho kwenye boksi la betri chini ya mabati, mchana wa Februari, ndani ya boksi ni nyuzi 50. Kitafika 80 bila kosa lolote. Kiunganishi kizuri kimebakiwa na nafasi ya kuvumilia, cha kopi kimeishiwa.

Waya nao ni sehemu ya kipimo, kwa sababu shaba ya waya ndiyo inayonyonya joto na kulitoa nje. SB175 inapewa ampea 175 ikiwa na waya mnene kabisa unaoingia, takriban milimita za mraba 50. Ukiifunga waya wa 16 si ya ampea 175 tena, hata kama ni halisi kabisa. Na kuna ile XT60 ya njano, inayopendwa kwenye betri za pikipiki za umeme. Watu wanaisoma kama ampea 60. Mtengenezaji wake, Amass, anaipa ampea 30 za kudumu. 60 ni za muda mfupi. XT90 vivyo hivyo: 45 za kudumu, 90 za muda mfupi. Mwenye mali halisi anakuambia hivyo kwenye karatasi yake. Mwenye kopi ana jina tu la kukupa, karatasi hana. Amass yenyewe ni ya China, kwa hiyo acheni kuwaambia wateja kwamba tatizo ni China. Kizuri kinatoka huko na kibovu kinatoka huko, wakati mwingine mtaa mmoja. Ulizeni karatasi ya vipimo.

Vipimo vyenyewe ni sehemu ya bei. Viunganishi vya paneli za sola vina kiwango chake, IEC 62852, na kukipata cheti chake kunamaanisha kuviweka sampuli kwenye joto na baridi kwa kupokezana, kuvipima dhidi ya kutu, kuvichomeka na kuvichomoa, kisha kupima upya. Sampuli hazirudi, maabara inalipwa, na kundi likishindwa linatupwa. SB za Anderson zimepimwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000 bila mzigo. Kiwanda cha kopi kinaruka hatua hizo zote, na anayefanya kipimo ni mteja wako, sebuleni kwake.

Nigeukie lagi, kwa sababu hapo ndipo kwa maoni yangu pesa nyingi zaidi inapotea, na fundi anaweza kujipimia mwenyewe bila maabara. Lagi ni bomba la shaba linalobanwa kwenye ncha ya waya ili ufungwe kwenye nguzo ya betri. Eneo la shaba ya bomba, kwa milimita za mraba, lisipungue eneo la shaba ya waya inaoubana. Chukua kalipa, pima kipenyo cha nje na cha ndani kwenye shingo. Zidisha kila kimoja kwa chenyewe, toa cha ndani kutoka cha nje, zidisha kwa 0.785. Lagi nzito ya waya wa 35, zile za kipimo cha Kijerumani cha DIN 46235, ina tundu la milimita 8.2 na nje 12.5. Inatoka kama milimita za mraba 70, mara mbili ya waya wenyewe. Sasa lagi nyembamba yenye tundu lile lile la 8.2 na nje 10 tu: milimita za mraba 26. Umenunua waya wa 35, ukaulipia wa 35, halafu ukaufunga kwenye mlango wa 26. Na bomba jembamba halibaniki vizuri. Linakunjika na kupasuka badala ya kuzibana nyuzi ziwe kitu kimoja.

Kisha ikwangue kwa tupa, mahali pasipo na kazi. Chini ya weupe mkikuta wekundu, ni shaba. Njano, brasi. Mkikuta weupe hadi ndani na lagi ni nyepesi mkononi, ni aluminiamu iliyopakwa; hiyo pamoja na waya wa shaba na hewa ya chumvi inaliwa haraka sana. Sumaku nayo ni kipimo kizuri: pini au lagi ikivutwa, ni chuma kilichopakwa, iwekeni kando. Ila msije mkaikataa SB halisi kwa sababu sumaku imeshika kwenye lile bapa la nyuma. Lile ni springi, lina haki ya kuwa chuma.

Kubana lagi kwa nyundo na msumari tuache. Tumia mashine ya haidroliki yenye kinywa cha saizi ya lagi. Ng'oa ganda la waya kiasi cha urefu wa bomba tu, nyuzi zote ziingie, hata moja isibaki nje, zionekane kwenye tundu la kukagulia kama lipo. Nyuzi zikiwa zimeshakuwa nyeusi, kata nyuma hadi ukute zinazong'aa. Ukibana juu ya weusi umefungia ukinzani ndani milele. Kuna wanaobana kisha wanamimina risasi juu, kwa usalama zaidi wanavyodhani. Risasi inapanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mkavu kama fimbo, na kwenye chombo kinachotetemeka unakatika pale pale risasi ilipoishia. XT60 ni tofauti, hiyo imetengenezwa kwa kulehemu, na pasi yako iwe na nguvu, wati 60 kwenda juu. Ichomeke kwenye jike lake wakati wa kulehemu, vinginevyo plastiki inalainika na pini zinapinda.

Kwenye nguzo ya betri, lagi ikae moja kwa moja juu ya nguzo, washa (kile kipete cha chini ya nati) ije juu yake. Mara nyingi mno utakuta washa ya chuma cha pua imewekwa katikati ya lagi na nguzo. Kumbukeni ile namba: chuma cha pua ni 2 au 3 kati ya 100. Hakuna kiunganishi duniani, cha bei yoyote, kitakachookoa kazi hiyo.

MC4, vile viunganishi vya paneli za sola, zina hadithi mbili za kuangalia. Ya kwanza, zinaingiana. Dume la kampuni moja linaingia jike la kampuni nyingine, linalia "tak!", na fundi anaamini kazi imekwisha. Kuingiana si kulingana. Vipimo vinatofautiana kidogo, mchovyo unatofautiana, mpira wa kuzuia maji haukai sawa, na hakuna mtengenezaji atakayekupa dhamana ya ndoa hiyo. Paneli ikija na MC4 za kampuni fulani, tafuta za kampuni hiyo, au kata zote mbili ufunge za aina moja. Ya pili, umeme wa sola ni wa moja kwa moja (DC). Umeme wa TANESCO unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inapata nafasi ya kufa. Wa sola haupiti sifuri. Ukichomoa MC4 mzigo ukiwemo, kwenye mfululizo wa volti 400, cheche inavutika na kuendelea kuwaka kati ya dume na jike. Zima kwanza kwenye swichi ya DC, hakikisha kwa mita ya klampu, ile inayozunguka waya na kusoma ampea, kwamba mkondo ni sifuri, ndipo uchomoe.

Cheche ndogo ya "tap!" unapounganisha betri kwenye inveta nayo inakula pini, ni kapasita za ndani zinajaa kwa mkupuo. XT90-S ina kizuizi cha omu 5.6 kwenye ncha ya kwanza kugusa. Kwenye volti 48 mkondo wa kujazia hauzidi ampea 9 hivi, kisha pini ikizama unapita mguso mkuu. Ni kijitu kidogo, na ni sababu mojawapo ya halali ya bei kupanda.

Hapa pwani tuna adui wa ziada. Upepo wa kusi na wa kaskazi wote unaleta chumvi, na chumvi inavuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Ndugu zetu wavuvi wa dagaa wenye betri na taa za LED kwenye boti, kule Deep Sea na Pangani, wanapaswa kununua waya wa shaba uliopakwa bati kila uzi, si shaba tupu. Namba ya IP67, ya kuzuia vumbi na maji, kwenye kiunganishi ni ya kikiwa kimechomekwa; kikiwa wazi maji yanaingia kama kawaida, kwa hiyo nunueni na vifuniko vyake. Brasi yenye zinki nyingi kwenye chumvi inapoteza zinki na kubaki yenye matundu, dhaifu. Grisi ya silikoni ipakwe nyembamba baada ya kukaza. Vaselini inasaidia kwenye nguzo ya betri lakini inayeyuka na kutiririka kwenye joto.

Ukishafunga, pima. Usipime kwa omu, pima kwa milivolti mzigo ukiwepo. Weka mita kwenye milivolti 200 za DC, ncha moja kwenye shaba ya waya kabla ya kiunganishi, nyingine baada yake, na klampu ikuambie ampea. Ampea 100 na milivolti 30, una miliomu 0.3. Kanuni tunayotumia: kwenye mkondo wa kazi, chini ya milivolti 50 endelea na shughuli zako, ikipita 100 fungua uangalie. Linganisha pia chanya na hasi, maana vilibanwa siku moja na fundi mmoja. Vikitofautiana sana, kimoja kina kasoro. Ukitumia kipimajoto cha miale, usielekeze kwenye shaba au fedha inayong'aa, kitasoma chini ya ukweli. Bandika kipande cha tepu nyeusi, ngoja kipate joto, piga hapo. Andika namba na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mlango wa boksi, urudi baada ya miezi mitatu upime tena kwa mzigo ule ule. Namba ikipanda, springi inalegea au uso unaliwa, hata kama kwa mkono hujasikia joto.

Na ukibadilisha, badilisha dume na jike pamoja, ukate na kipande cha waya kilichoungua mpaka upate shaba laini inayong'aa. Waya uliopikwa umeshaota weusi ndani ya ganda lake. Dume la zamani lililochubuka ukiliingiza kwenye jike jipya linakwangua mchovyo wa jike, na elfu thelathini ya mteja inakuwa imelipia kazi ya elfu sita.